Kobe Tisa wa Mwisho: Mstari wa Njano

Pedali ilikuwa imezama mpaka sakafuni. Hapo ndipo tulipoachana wiki jana, na barua zenu za matusi nimezipata. Haya, shikeni vizuri. Gari linateremka.

Binti Njano alikanyaga mara ya pili. Hakuna kitu. Mara ya tatu. Mguu ulikuwa kama unakanyaga mto wa kulalia.

Mbele yake mteremko wa zege, mita sitini. Chini ya mteremko, meza moja ya mbao. Nyuma ya meza, watu watatu wamekaa na kalamu zao.

Wa kwanza Mkaguzi. Wa pili karani wake. Wa tatu Meneja.

"Tokeni!" alipiga kelele Binti Njano, akabonyeza honi. Honi ya Kobe, kile kigari cha kiwanda chetu, nyinyi mnaoijua mnaijua: inalia kama mbuzi mwenye mafua. Hakuna aliyeitii miaka ile, na hakuna aliyeitii siku hiyo.

Kisha karani akaona uso wa dereva. Karani akaruka. Meneja akaangusha kiti, akakimbia mpaka ukutani, koti lake la thamani likipepea nyuma.

Mkaguzi hakuondoka. Alikuwa anatazama saa yake. Anahesabu sekunde!

Klachi. Gia ya pili. Injini ikalia kama inachinjwa. Gia ya kwanza, meno yakasaga, Kobe akatingishika mwili mzima. Sasa hendibreki. Mtu mwingine angeivuta kwa pupa, gari lingepinduka. Lakini huyu anaendesha lori la maji siku sita kwa wiki, na aliyemfundisha ni baba yake.

"Jino moja moja, mwanangu. Usimshtue."

Jino moja. La pili. Tairi za nyuma zikaburuza. La tatu. Moshi. La nne.

Kobe akasimama.

Bampa iligusa meza kidogo tu, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Kalamu ikabingirika, ikaanguka. Mkaguzi akainama, akaiokota, akaipuliza vumbi, akaandika neno moja.

"Limefeli."

Kwa wale mnaoingia leo, mlangoni nawapa mambo mawili, nayo yanatosha.

La kwanza. Miaka ishirini na miwili iliyopita Kobe mmoja mpya, mwenye wiki tano tu barabarani, alishindwa kusimama mlimani. Watu wanne wakafa. Kabla udongo wa makaburi haujakauka, gari lile lilikuwa limeshasagwa, limekuwa boksi la chuma unaloweza kulikalia. Hakuna aliyeinama chini yake kutazama. Ripoti ikaandikwa ofisini kwa Meneja: nati ya mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta ya breki gurudumuni, haikukazwa. Aliyekaza nati za breki pale kiwandani alikuwa mtu mmoja, na mji mzima ulimjua. Mzee Njano. Kiwanda kikafungwa. Mafundi mia tatu wakaambiwa: nendeni mkamshukuru mwenzenu.

La pili. Siku milango ilipofungwa, magari tisa yalikuwa bado kwenye mstari, mengine hayana viti, mengine hayana vioo. Umeme ulikatwa. Mafundi wakabaki siku kumi na moja kwa hiari yao, wakayamaliza kwa mkono. Hayo ndiyo Kobe tisa wa mwisho duniani. Na sasa Meneja, ambaye kiwanda chetu amekigeuza ukumbi wa vioo wa kuuzia magari ya kuletwa, ambaye siku hizi anaitwa mshauri wa usalama barabarani, amepata amri: Kobe ni hatari, wote wasagwe. Isipokuwa mmoja wao apite ukaguzi leo, kabla lango halijafungwa saa saba mchana. Akipita mmoja, tisa wanabaki. Akifeli, tisa wanakwenda.

Kuna msomaji ametia sahihi "Mwenye Akili Timamu". Ananiuliza: watu wazima hawa, kuhangaika na vigari vya kampuni iliyokufa, hawana kazi ya kufanya?

Nakujibu, Mwenye Akili Timamu. La kumi, lile la mlimani, lilisagwa. Ndiyo sababu.

Turudi uwanjani.

Meneja alirudi kutoka ukutani akijikung'uta suruali. Ajabu ya mtu huyu ni hiyo: anakimbia akiwa mwoga, anarudi akiwa hakimu.

"Mmeona wenyewe!" alisema kwa sauti ya kusikika mpaka nje ya uzio. "Gari lilelile. Kosa lilelile. Leteni lori."

Lori la vyuma chakavu lilikuwa limeegeshwa pembeni tangu saa moja asubuhi. Mkono wake wa chuma ulianza kushuka, vidole wazi.

Nje ya uzio, Kobe wanane walikuwa wamejipanga mstari, na wenye Kobe wakaanza kupiga mabati.

"Hujuma!" alipaza sauti fundi wa viti, mama wa miaka sitini mwenye mikono kama ya mpiga ngumi. "Wamekata breki! Usiku wameingia wakakata!"

"Hujuma! Hujuma!"

Nami nakiri, kama ningekuwepo ningepiga kelele kuliko wote. Tunapenda kuhujumiwa. Inatupumzisha.

Binti Njano alishuka. Akawageukia watu wake.

"Nani aligusa gari langu baada ya Alhamisi ya wiki iliyopita?"

Kelele zikapungua. Zikaisha. Mtu mmoja akasogea kwenye uzio akivua miwani.

"Mimi," alisema Mwalimu.

Huyu ni mwalimu mstaafu wa hesabu, mwenye Kobe namba nne. Hakuwahi kufanya kazi kiwandani hata siku moja. Lakini kati ya wote tisa hakuna mwenye wivu na Kobe kama yeye. Ukibadilisha skrubu moja ya dukani, anakununia mwezi. Neno lake ni moja: asili.

"Mwalimu, umefanya nini?"

"Nilipata pakiti. Kwa muuza vyuma. Mipira miwili ya breki, ya kiwandani, haijawahi kufunguliwa. Gundi yake bado ya miaka ile! Nikasema, wakaguzi wakiinama wakute kila kitu cha asili. Asili tupu." Akafuta miwani. "Ijumaa ile nikampelekea mzee. Akaifunga."

"Baba aliifunga?"

"Kwa mkono wake mwenyewe."

"Nilikwambia uitupe," ilisema sauti nyuma ya Mwalimu.

Alikuwa Mama Stoo, mke wa Mzee Njano. Miaka kumi na tano alishika funguo za stoo ya kiwanda, na jina halijamtoka. Alikuwa amesimama na chupa ya chai kifuani kama amebeba mtoto.

"Ulisema, mama. Nilidhani unatania."

"Mimi na wewe tulitaniana lini?"

Meneja alikuwa amesikia kila neno. Akatabasamu, na mimi tabasamu lile nalikumbuka, nililiona siku ya ripoti.

"Kwa hiyo aliyefunga ni yuleyule mzee," alisema polepole. "Mkono uleule. Jamani, mnataka ushahidi gani tena? Mara ya kwanza aliua watu wanne. Leo nusura amuue binti yake."

Hakuna aliyepiga bati.

Mzee Njano alikuwa ameshika waya wa uzio kwa vidole vyote. Mikono yake inatetemeka siku hizi, na kila mtu aliiona ikitetemeka. Miaka ishirini na miwili mtu anaambiwa ameua. Mwisho hata yeye usiku anajiuliza.

Mngetaka Binti Njano aseme nini? Njia ilikuwa nyeupe: hujuma. Umati uko tayari. Neno moja tu na lile lori lingechomwa.

"Hakuna aliyetuhujumu," alisema.

"Binti!" fundi wa viti alimkemea.

"Shangazi, niache. Hakuna aliyekata chochote. Tumefanya sisi wenyewe. Tulitaka sifa, tukafunga mpira wa zamani bila kuujaribu. Kosa letu." Kisha akamgeukia Meneja. "Umeona ilivyo rahisi? Tumefanya sisi. Sikufa. Miaka yote hii nakusubiri wewe uyaseme maneno hayo mawili."

Meneja akampa mgongo.

"Lipakieni," alimwambia mtu wa lori.

"Halipakiwi!" Binti Njano alikwenda akasimama mbele ya ule mkono wa chuma, akaushika kidole kimoja kama anamshika mtu shati. "Lile la kwanza lilisagwa kabla mtu hajainama. Leo kuna mtu atainama. Mkaguzi! Kazi yako ni kuandika limefeli, au kuandika limefeli kwa nini?"

Mkaguzi alikuwa mtu mkavu. Alikuwa na kanuni moja iliyowashangaza wengi: kuiweka meza yake chini ya mteremko, kwa sababu, alisema, anayeogopa kukaa mbele ya gari asilipitishe. Alifungua kitabu chake kidogo, akalamba kidole, akafunua.

"Gari lililofeli," alisoma, "laweza kuletwa tena mara moja siku ileile kabla ya lango kufungwa. Na sababu ya kufeli sharti ionekane kwa macho na kuandikwa." Akafunga kitabu. "Kwa macho. Sijaona."

"Ndugu yangu," Meneja aliingilia, "hakuna haja ya kujichafua, mambo yako wazi..."

"Sijaona," alirudia Mkaguzi.

Akaomba gazeti. Karani akampa. Akalitandaza chini, akalala chali juu yake, akajisukuma chini ya Kobe. Vikabaki viatu viwili nje.



"Hii nati ina mstari wa rangi," ilisema sauti chini ya gari. "Rangi ya nani?"

Hapo nami nawaeleza, maana wengi mlizaliwa kiwanda kimeshafungwa. Kila fundi wa kufunga alikuwa na rangi yake. Ukishakaza nati, unachovya brashi ndogo, unapiga mstari mmoja: unaanzia juu ya nati, unamalizia kwenye chuma kilichotulia pembeni yake. Nati ikizunguka hata unywele, mstari unakatika vipande viwili. Msimamizi akipita haulizi nani kakaza, anatazama rangi. Kulikuwa na Mzee Bluu, alishakufa. Mzee Nyekundu, hajulikani aliko. Rangi ya breki ilikuwa moja.

"Ni yangu," alisema Mzee Njano kutoka nje ya uzio. "Njano."

Viatu viwili havikusogea.

"Mstari haujakatika," ilisema sauti.

Wanangu, sijui niiandikeje sauti iliyotoka kwenye uzio ule. Haikuwa shangwe. Ilikuwa kama watu thelathini wamepumua pamoja.

"Rangi hupakwa wakati wowote!" Meneja alidakia. "Mtu anaweza kupaka baadaye!"

"Anaweza," Mkaguzi alikubali, akijivuta nje, mafuta mpaka shavuni. "Lakini nati ikilegea, mafuta yanavuja kwenye nati. Nati ni kavu. Mafuta yametokea hapa."

Alishika mkononi mpira aliokuwa ameufungua. Ulikuwa umevimba kama kidole kilichobanwa na mlango, na katikati umepasuka. Akatoa kisu cha mfukoni, akaukata kwa urefu, akaunusa, akaubonyeza. Ukabonyea kama mkate uliolowa.

"Huu si mpira wa breki," alisema. "Ni wa kupitishia mafuta ya injini. Mafuta ya injini hauyaogopi. Mafuta ya breki yanaula. Wiki moja umeshavimba hivi. Kwa wiki tano..." Hakumaliza.

Wiki tano. Kila mtu uwanjani alijua ni gari gani lilikaa barabarani wiki tano.

Meneja akatoa kitambaa cheupe. "Nipe huo. Nitaupeleka maabara ya kampuni yangu ukapimwe kitaalamu."

"Na lile la kwanza ulilichukua ukapime!" Sauti ya Mzee Njano ilipasua uzio. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi kumsikia akipaza sauti. "Ulilipima vizuri! Ulilipima mpaka likawa boksi!"

Mkaguzi aliutia mpira kwenye bahasha, bahasha kwenye mfuko wa ndani wa koti, akafunga kifungo.

"Saa tano na nusu," alisema. "Gari limefeli. Mna mpaka saa saba."

Sasa mipira mizuri iko wapi?

Duka la karibu ni la Meneja, na msinichekeshe. Binti Njano aliwatazama wenye Kobe mmoja mmoja. Mipira ya mbele ya Kobe haiingiliani na ya gari jingine lolote. Na wote walikuwa wameapa kwamba magari yao ni ya asili tupu, kwa kumwogopa Mwalimu.

"Nani mpira wake ni mpya?"

Wakatazama viatu vyao.

"Jamani, dakika zinakwenda!"

Mwalimu alikohoa.

"Wa kwangu," alisema, "ni wa kuchongesha. Niliuagiza mwaka jana."

"Nini?" fundi wa viti aliruka. "Wewe? Wewe uliyeninunia miezi miwili kwa ajili ya uzi wa kiti?"

"Mama, mimi naenda nalo sokoni. Nina wajukuu. Sitaki kufa."

"Mnafiki mkubwa wewe!"

"Ndiyo. Nisaidieni jeki."

Walicheka, jamani. Katikati ya msiba ule walicheka mpaka askari wa lango akacheka. Na wakati wanacheka mikono inakwenda: jeki chini ya Kobe namba nne, spana, matairi yanatoka, mipira miwili inafunguliwa. Dakika ishirini na tano. Ikapitishwa juu ya uzio kwa mkono.

Mzee Njano aliingia langoni kwa miguu yake. Askari alimtazama, akamtazama Meneja, akampisha mzee.

"Baba, nipe spana," alisema Binti Njano kwa sauti ya chini. "Mikono yako. Nikaze mimi."

"Wewe panda ukanyage."

"Baba..."

"Mwanangu. Panda."

Akalala kwenye lile gazeti la Mkaguzi. Mikono ilitetemeka mpaka spana iliposhika nati. Ilipoishika, ilitulia. Wapo watu wa namna hiyo. Mwili umezeeka, kazi bado haijazeeka.

Kisha kutoa hewa kwenye breki. Kazi hii ni ya watu wawili wanaoaminiana, mmoja chini hamwoni mwenzake juu. Binti huyu alianza kuifanya na baba yake akiwa hafiki pedali, anakanyaga kwa kusimama.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia."

"Nimeshikilia."

Mafuta yakatoka na mapovu. "Achia. Kanyaga tena."

"Baba, ulijua pakiti ile ni mbaya?"

"Shikilia. Ningejuaje? Mpira ukitoka stoo, nafunga. Hatukufundishwa kumshuku mtu wa stoo. Achia."

Nje ya uzio, Mama Stoo alishika kifuniko cha chupa ya chai, akakifungua, akakifunga. Hakunywa.

Mapovu yakaisha. Pedali ikawa ngumu kama jiwe. Mzee Njano akatoa mfukoni kikopo kidogo kisichozidi kizibo cha soda. Miaka yote hii hakuacha kutembea nacho. Akapiga mistari miwili ya njano. Mmoja kushoto, mmoja kulia. Haikupinda.

Saa saba kasoro dakika kumi.

Na hapo Meneja akafanya kile ambacho watu wa aina yake hufanya wakishindwa uwanjani. Alikwenda langoni.

"Funga," alimwambia askari. "Saa yangu inasema saba."

"Bosi, yangu inasema..."

"Nani analipa kampuni yenu ya ulinzi? Funga!"

Askari akashika lango. Lango likaanza kuburuzwa. Likishafungwa, kanuni zinasema ukaguzi wa siku umekwisha, na kanuni Mkaguzi haivunji hata kwa mama yake.

"Mwalimu!" alipiga kelele fundi wa viti.

Mwalimu alielewa bila kuambiwa. Akarudi kwenye Kobe namba nne, matairi yamesharudishwa ila mafuta ya breki hakuna hata tone, akatoa gia, akasukuma mlango kwa bega. Watu sita wakasukuma nyuma. Kobe akabingirika taratibu, kwa heshima zake zote, akaingia katikati ya lango, akakaa.

Lango likamgonga ubavuni. Kelele ya bati. Likakwama.

"Ondoa takataka hii!" Meneja alifoka.

"Haliondoki," alisema Mwalimu, akivaa miwani yake. "Halina breki. Muulize Mkaguzi kama kanuni inaruhusu gari lisilo na breki kusogezwa."

Mkaguzi alifunua kitabu chake. Alichukua muda wake.

"Hairuhusu," alisema. "Mpaka liletewe gari la kuvuta. Lango liko wazi. Ukaguzi unaendelea."

Wale Kobe saba wengine wakapiga honi zao zote kwa pamoja. Mbuzi saba wenye mafua! Sijawahi kusikia muziki mtamu kama ule nilivyosimuliwa.

Binti Njano alikuwa juu ya mteremko, injini inanguruma, aliposikia mlango wa abiria ukifunguliwa.

Baba yake akakaa. Akafunga mlango.

"Baba, shuka. Kanuni ni dereva peke yake."

"Kanuni hiyo haipo, nimemuuliza."

"Baba, tafadhali."

"Walisema mkono wangu unaua. Basi uanze na mwenyewe. Twende."

Chini, Mkaguzi aliinua kiti kilichoanguka, akakiweka palepale nyuma ya meza, akakaa. Karani akajikaza, akakaa. Kiti cha tatu kilikuwa kitupu.

"Karibu," Mkaguzi alimwambia Meneja.

Meneja alibaki amesimama kando ya ukuta, mikono nyuma.

"Hatakaa," karani alinong'ona.

"Andika kwamba hakukaa," alisema Mkaguzi.

Kobe akaachiwa.

Mita kumi. Ishirini. Alikuwa na mwendo mkali kuliko wa asubuhi, maana Binti Njano hakutaka huruma ya mtu. Arobaini. Karani akafumba macho. Hamsini. Mstari mweupe.

Akakanyaga.

Kobe akainama pua, akasimama. Hakuburuza, hakulia. Kwenye meza, ile kalamu haikusogea.

"Limepita," alisema Mkaguzi.

Sitawaelezea kelele. Fundi wa viti alimbusu askari wa lango. Mtu wa lori alizima injini, ule mkono wa chuma ukabaki hewani na vidole vyake wazi, hauna cha kushika. Tisa wanabaki! Andikeni hapo, nyinyi mnaohesabu: tisa!

Mzee Njano hakuruka. Alishuka, akaenda mpaka mezani, akasimama kama mwanafunzi.

"Mkaguzi, naomba kitu kimoja. Kwenye ripoti ya asubuhi. Uandike kuhusu ile nati."

"Niandike nini?"

"Ulichokiona."

Mkaguzi aliandika, akamgeuzia karatasi. Mzee Njano akasoma kwa kidole, neno kwa neno, midomo ikicheza: *Nati haikulegea.* Akasoma tena. Kisha akaegemea bodi ya Kobe, akafunika uso kwa mikono, na safari hii kutetemeka kwake hakukuwa kwa uzee.

Hapo ndipo hadithi nyingine zingeishia. Mimi sina bahati hiyo.

"Nahitaji asili ya mpira," alisema Mkaguzi. "Ulitoka wapi. Pakiti iko kwa nani?"

Mwalimu aliitoa ndani ya koti, amekunja vizuri. Mtu huyu hatupi kitu. Mkaguzi aliifungua, akaitikisa. Kutoka kwenye mkunjo wa chini ikaanguka karatasi nyembamba ya manjano, imekunjwa mara nne. Hati ya kupokelea mali stoo. Akaikunjua.

Alisoma. Akasimama kusoma. Macho yake yakainuka, yakampita Meneja bila kusimama, yakaenda mpaka langoni.

"Hapa kuna sahihi," alisema. "Ya aliyepokea mipira hii akijua ni ya mafuta ya injini. Imeandikwa hivyo wazi."

"Usisome!" Meneja alipiga kelele. Sauti yake ilipanda kama ya kijana anayebalehe. "Hiyo ni siri ya kampuni! Usisome jina!"

Mzee Njano aliinua uso. "Jina la nani?"

Langoni, Mama Stoo aliweka chupa ya chai chini, taratibu, akahakikisha haitaanguka. Akapita ubavuni mwa Kobe namba nne, akaingia uwanjani.

"Langu," alisema.

"Mke wangu?"

"Usinitazame bado. Nisikilize kwanza, kisha utanitazama upendavyo." Akamgeukia Mkaguzi, kidevu juu. "Nimeibeba siri hii miaka ishirini na miwili, leo naitua; karatasi hiyo niliiziba mimi mwenyewe ndani ya pakiti. Usiishie kwenye sahihi, mwanangu. Geuza karatasi. Nyuma niliandika siku ileile nani alisimama juu yangu, na alisema atamfanya nini mume wangu nisipotia sahihi. Soma kwa sauti. Mume wangu asikie kwanza, halafu mji."

Meneja alikuwa ameshaufikia mlango wa gari lake, lile jeusi la kuletwa, lenye breki nzuri kuliko zote uwanjani. Akawasha. Akageuza. Akakanyaga mafuta kuelekea langoni.

Na langoni alikuwa amekaa Kobe namba nne, hana breki, na kanuni hairuhusu kumsogeza.

Mkaguzi akageuza karatasi.